Milango miwili isiyofanana

Saa nane usiku tone la kwanza lilinipiga gotini. Nikadhani naota. La pili likanipata palepale. La tatu nililingoja nikiwa macho, tochi mkononi, nikimulika kona ya juu ya mlango nilioutengeneza kwa mikono yangu na kujisifia wiki nzima. Maji yalikuwa yakitambaa polepole juu ya rangi, yakikusanyika kwenye kichwa cha skrubu moja ya bawaba, yakinenepa, kisha yakidondoka. Upande wa pili wa godoro Mjomba alikuwa mkavu kabisa, anakoroma.

Hiyo ndiyo ilikuwa safari ya kwanza ya trela yetu. Tuliporudi nyumbani nililing'oa godoro, nikaling'oa lile zulia dogo la sakafuni, nikaung'oa na mlango wenyewe, nikauegemeza ukutani na kuutazama kwa siku tatu bila kuugusa.

Kwa asiyezijua trela hizi: ni kijumba cha kulala kinachovutwa na gari dogo la kawaida, na ukikitazama ubavuni kina umbo la tone la maji lililolazwa, nene na mviringo mbele, jembamba nyuma. Ndani ni kitanda basi. Nyuma kuna kifuniko kinachoinuliwa juu, na chini ya kifuniko hicho ndiko jiko liliko, kwa hiyo mpishi anasimama nje. Zilianza kuonekana Marekani miaka ya 1930, nyingi zikiundwa na watu wenyewe kwenye nyua zao, na mpaka leo nyingi zina ubavu wa futi 4 kwa 8 kwa sababu moja nyepesi: huo ndio ukubwa wa plaiwudi nzima, sentimita 122 kwa 244. Ubao mmoja, ubavu mmoja. Husimami humo. Unaingia kinyumenyume, makalio kwanza, halafu unavuta miguu.

Mimi ni fundi cherehani. Mjomba ni seremala aliyestaafu. Yeye anajua mbao, mimi najua mishono, na hakuna kati yetu aliyewahi kujenga kitu chenye magurudumu. Lakini jambo moja nililijua tangu siku ya kwanza kwa sababu ya kazi yangu: gauni huanza kuharibika kwenye zipu. Unaweza kushona mabega yakakaa kama yamemiminwa, kiuno kikakaa, pindo likanyooka, na bado mteja akarudi baada ya mwezi kwa sababu ya zipu. Mlango ni zipu ya trela. Nililijua hilo na bado nikalikosea, maana nilidhani kutengeneza mlango ni kutengeneza ubao. Ubao ni kazi ya mchana mmoja. Kazi yenyewe ni ule mwanya unaouzunguka.

Kosa la kwanza nililifanya kabla trela haijawa trela. Plaiwudi ya ubavu, ya milimita 18, ilikuwa imelala chini kwenye vigogo viwili, na nilikuwa nimeshachora tundu la mlango kwa kalamu. Mjomba akaja akasimama juu yake.

"Mpwa wangu, usikate mlango nyumba haijasimama."

"Lakini Mjomba, ikiwa imelala hivi ndiyo rahisi kukata."

Hakubishana. Alikwenda kukaa kivulini. Nikakata, na kukata kwenyewe kulikuwa rahisi kweli. Kisha tukasimamisha mbavu zote mbili, tukafunga boriti za katikati, tukalazimisha paa likunje kufuata umbo la tone. Paa likikunjwa lina nguvu, linavuta mbavu. Nilipoleta ule ubao wa mlango kuujaribu, pembe moja ya tundu ilikuwa imekimbia kwa milimita 4. Pembe nne zilizokuwa sawa kwa guni zikawa si sawa tena. Nikakaa na randa nikiuparua mlango ufuate tundu lililopinda, na kila nilipoparua upande mmoja mwanya wa upande mwingine ulizidi. Mtu aliyewahi kupunguza mikono ya koti anaijua hii: unapunguza wa kulia, kisha wa kushoto, ukija kushtuka koti limekuwa kizibao.

Kama ni lazima ukate ikiwa imelala, pigilia vipande vya mbao vikatize tundu kwenye pembe zote nne, na usivitoe mpaka paa limeshafungwa. Mimi sikuvipigilia.

Pembe za tundu, angalau, nilizifanya mviringo, na si kwa urembo. Ubavu wa trela barabarani hautulii, unasukwa huku na huku kila gurudumu likiingia shimoni, na nguvu zote hizo hukusanyika kwenye pembe. Pembe kali ndipo ufa unapoanzia, kama mpasuo wa sketi usiotiwa mshono wa kuzuia. Kona yenye nusu kipenyo cha milimita 75 hadi 100 inagawa nguvu. Tena kuna faida ya pili ambayo niliigundua baadaye: mpira wa kuzuia maji haupendi kona kali. Ukiukunja ghafla unabonyea katikati kama mrija uliokunjwa, na hapo hapo maji yanapita.

Sasa nieleze huo mlango wa kwanza ulikuwa na nini, maana ulikuwa na makosa matatu kwa wakati mmoja, na kila moja lilinifunza kivyake.

La kwanza ni kupinda. Kwa nje nilibandika bati jembamba la alumini kwa gundi, kwa ndani nikapaka vanishi mkono mmoja nikasema yatosha, nani ataona. Baada ya wiki chache za jua na umande, kona ya juu upande wa kitasa ilikuwa imejitokeza nje kwa milimita 6. Ningeweza kupitisha kidole. Kosa hili lilinitia aibu kuliko yote, maana kwenye kola nalijua fika: ukibandika gamu upande mmoja tu wa kitambaa na ukakilowesha, kinajikunja. Plaiwudi vilevile. Upande wa alumini unyevu haupiti kabisa, upande wa vanishi hafifu unapita kila usiku. Upande mmoja unavimba na kusinyaa, mwingine umetulia tuli. Lazima upinde. Chochote unachofanya usoni mwa mlango, fanya na mgongoni. Na kingo, ambako matabaka ya plaiwudi yanaonekana kama kurasa za kitabu, zinyweshe epoksi, ile gundi ya kuchanganya inayokauka ngumu, mara tatu, hasa ukingo wa chini. Huo ndio unaokaa na maji muda mrefu kuliko mahali popote, na hakuna anayeutazama kwa sababu uko chini.

La pili ni kitasa. Nilifunga komeo la nje peke yake, nikisema la ndani tutatia siku nyingine. Asubuhi moja, trela ikiwa bado uani, Mjomba alijilaza humo kupumzika, upepo ukaubamiza mlango, komeo likaingia lenyewe. Mimi nilikuwa nimewasha cherehani, sisikii kitu. Alipiga ubavu mpaka mkono ukamuuma. Alipotoka hakuniambia neno. Alichukua drili akatoboa tundu la mkono wa ndani palepale. Kila mlango wa kijumba cha kulala lazima ufunguke kwa ndani, gizani, kwa mkono mmoja, bila ufunguo. Na milango iwe miwili. Watu wengine huweka mmoja ili kupunguza kazi, lakini fikiria jiko liko nyuma, chumba ni cha mita moja na ushee, mmelala wawili, moto ukianza upande wa mlango. Hapo sina utani.

La tatu ndilo lililonilowesha goti. Nilitumia bawaba ndefu ya mkanda, ile ambayo watu huiita bawaba ya piano, chuma kisichoshika kutu, kutoka juu hadi chini ya mlango. Ni bawaba nzuri. Uzito unagawanyika kwenye skrubu nyingi badala ya kuning'inia kwenye mbili tatu. Mpira wa kuzuia maji nikauzungusha juu, nyuma na chini, kisha pale kwenye bawaba nikaukata. Nilidhani bawaba ni chuma, na chuma hakivuji. Lakini bawaba hiyo ni msururu wa vipete vilivyopangwa juu ya uti mmoja, na katikati ya kila kipete na mwenzake kuna nafasi. Ni ungo. Maji yalishuka kutoka ukingo wa paa, yakakuta hakuna mchirizi wa kuyakinga, yakaingia kwenye vipete, yakaufuata mwili wa skrubu ambao sikuupaka kitu, yakatokea kwangu.

Mpira lazima upite upande wa ndani wa bawaba, uzunguke mlango wote bila kukatika, kama mkanda wa kiuno. Bawaba ibaki nje ya mpira, ilowe itakavyo. Hili ningelijua mapema ningekuwa nimelala.

Baada ya zile siku tatu za kuutazama niliamua mambo mawili. Mlango wa kulia, upande wangu, nitautengeneza upya. Wa kushoto, wa Mjomba, ambao ubavu wake ulikuwa bado haujakatwa, nitaununua. Nilitaka kuona ipi ni njia ya akili. Mjomba alicheka, akasema mtu mwenye seremala ndani ya nyumba anakwenda kununua mlango.

Wa kulia tuliuanza kwa kuziba makosa. Tulikata kipande kipya cha ubavu na kukiunganisha kwa ndani na fremu ya mbao ngumu iliyogundishwa kuzunguka, kwa hiyo nikapata ubavu mzima tena, trela ikiwa imesimama, paa limeshafungwa. Kisha Mjomba akanionyesha ujanja ambao, nasema kweli, ungeniokolea mwezi mzima. Hukati mlango ukautoa. Unakata kwanza mstari mmoja tu, ule wa upande wa bawaba, kwa blade nyembamba. Mlango bado umeshikwa na ubavu pande tatu, hauwezi kwenda popote. Unafunga bawaba yote, skrubu zote, mlango ungali sehemu ya ukuta. Ndipo unakata pande tatu zilizobaki. Blade ikimaliza kona ya mwisho, mlango unafunguka mkononi mwako ukiwa tayari umening'inia mahali pake. Hakuna kupima upya, hakuna kuinua, hakuna milimita 4 zinazokimbia.

Nilipousikia ule mlango ukiachia nilipiga kigelegele, peke yangu, uani.

Bawaba iko upande wa mbele, ule unaoelekea gari. Wengine huiweka nyuma kwa sababu kuingia ni rahisi zaidi, na kweli ni rahisi. Lakini kitasa kikiachia mkiwa kwenye mwendo, mlango wenye bawaba mbele upepo unausukuma ujifunge. Wenye bawaba nyuma upepo unaushika kama tanga na kuung'oa. Skrubu za bawaba, kwa kuwa nyingine zinaingia kwenye kingo za plaiwudi ambako hakushiki vizuri, tulizitobolea matundu makubwa kidogo, tukajaza epoksi, ikakauka, tukatoboa upya matundu madogo ndani ya epoksi hiyo. Juu na chini, ambako kuna mvuto zaidi, tukatia bolti zinazotokeza upande wa pili na nati zake.

Kuhusu kukata: msumeno wa jigsoo unadanganya kwenye kona. Ulimi wake umeshikwa juu tu, chini unaning'inia, kwa hiyo ukizungusha kona kwenye ubao wa milimita 18, juu unafuata mstari wako na chini unakwenda unakotaka. Mara ya kwanza nilipata ukingo uliolala kama kisigino kilichokanyagwa. Mara ya pili nilitengeneza pateni ya ubao mwembamba, kama ninavyofanya kwa kola, nikaisugua kwa msasa mpaka kona zote nne zikafanana, nikaipigilia kwenye ubavu, na mashine ya ruta, inayochonga kingo kwa ncha inayozunguka, ikaifuata pateni. Ruta inakula zaidi, inaacha mwanya mpana kuliko msumeno, lakini ukingo unakuwa wima. Kwenye kile kipande cha bawaba pekee tulibaki na msumeno, kwa sababu ni mstari mnyoofu na tulitaka uwe mwembamba.

Na huo mwanya. Nilikuwa nikiamini kwamba ukiwa mwembamba zaidi ndiyo bora zaidi. Kumbe maji hupenda mwanya mwembamba. Huvutwa ndani yake hata kupanda juu, kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Mwanya wa nusu milimita unanyonya. Wa milimita 3 au zaidi haunyonyi kirahisi, na unaacha nafasi ya rangi, ya mbao kuvimba, ya trela kujinyonga kidogo barabarani bila mlango kukwama. Kisha unaufunika: mkanda wa alumini wenye umbo la herufi T unapigwa kwenye ukingo wa mlango, bawa lake moja likiukalia ubavu kwa nje kama sentimita moja. Mvua inapiga bawa, haioni mwanya. Mjomba aliniongezea kijifereji kwa patasi upande wa chini wa kizingiti, alama tu ya kina cha milimita 2, ili tone linalotambaa kwa chini likifika hapo likose njia na kudondoka. Ni kitu kidogo mno. Nilimwuliza alikipata wapi, akasema kila kizingiti cha dirisha alichowahi kutengeneza kina hicho kijifereji, ni watu tu hawainami kutazama.

Juu ya mlango tuliweka mchirizi wa alumini, ukiwa na mteremko kidogo na ncha zake zikipita upana wa mlango pande zote mbili. Tuliubandika kwa utepe wa butili, mpira laini unaonata. Mlango wa kwanza nilikuwa nimetumia silikoni kila mahali, na wakati wa kurekebisha ndipo nilipojua ubaya wake: haivuji, sawa, lakini ikishagusa mbao hakuna rangi itakayoshika hapo tena, hata silikoni mpya haishiki juu ya ya zamani. Butili inabaki laini miaka, inanyumbuka na trela, na ukitaka kuitoa inatoka.

Mpira wenyewe ni wa bomba lenye umbo la herufi D, wazi katikati, mpira wa EPDM kama wa milango ya magari. Mlango ukifungwa unatakiwa ubonyee kiasi cha theluthi moja. Ukibonyea kidogo maji yanapita. Ukibonyea sana kitasa hakifiki mahali pake, na mtu atakayelala humo atakuwa anapigana na mlango kila anapotaka kujisaidia usiku. Kiungo cha ncha mbili za mpira kiwe chini, kamwe kisiwe juu, na ukate mpira mrefu kwa milimita chache kuliko unavyohitaji ili ncha zisukumane, kwa sababu baada ya muda unasinyaa.

Dirisha nitalipitia haraka. Nilitumia akriliki, plastiki ngavu kama kioo, nikaifunga kwa skrubu kupitia matundu yanayobana sawasawa, na siku ya jua kali ikapasuka kutoka kwenye skrubu mbili. Akriliki inatanuka sana: kipande cha nusu mita, joto likipanda nyuzi 40, kinaongezeka karibu milimita moja na nusu, na plaiwudi iliyokishika karibu haiongezeki. Sasa sina skrubu hata moja. Kioo kimekaa ndani ya mpira wenye mifereji miwili, mmoja umelishika dirisha, mwingine umeushika ubao, kama vioo vya malori ya zamani.

Tukaja kwa mlango wa Mjomba, wa kununuliwa.

Ninakiri nilipoufungua kwenye boksi niliuonea wivu. Fremu ya alumini kona mviringo, dirisha la kuteleza lenye wavu wa mbu, kitasa cha ufunguo kinachofunguka na kwa ndani, mpira umeshawekwa kiwandani. Kazi niliyoifanya kwa wiki, mtu aliimaliza kwa mashine. Fremu yake ni vipande viwili: cha nje chenye bawa linalokalia ubavu, na pete ya ndani, unavikaza kwa skrubu vikaubana ukuta katikati yao. Hakuna hesabu ya bawaba, hakuna kijifereji.

Vipimo vilivyoandikwa vilikuwa sentimita 66 kwa 91. Mimi, fundi cherehani, ambaye kila siku ninauliza mteja kama kipimo ni cha mwili au cha nguo, sikuuliza. Nilipima nafasi kati ya bawa la gurudumu, yaani madigadi, na boriti ya juu, nikaona 91 zinaingia kwa raha. Lakini 91 ilikuwa kipimo cha tundu, nguo ya ndani. Bawa la fremu linaongeza sentimita 2 kila upande. Chini likagonga madigadi. Niliuandikia upande ulioniuzia, wakanijibu kwa upole kwamba kipimo kiliandikwa sahihi, na kwa kweli kiliandikwa sahihi. Madigadi ndiyo ikakatwa na kukunjwa upya. Ukiitazama trela yetu kutoka kushoto utaona gurudumu limevaa kofia iliyopunguzwa.

Kisha unene. Fremu ile ilitengenezwa kwa ukuta usiozidi milimita 38. Wangu ni plaiwudi ya 18, povu gumu la kuzuia joto la 20, na plaiwudi nyembamba ya 3 kwa ndani: jumla 41. Milimita 3, na pete haikufika. Mjomba alikula plaiwudi ya ndani kwa patasi kuzunguka tundu lote, jioni nzima, akiimba kimoyomoyo wimbo ninaojua alikuwa ananisema mimi.

Kwa hiyo nikiulizwa jenga au nunua, jibu langu ni hili: ukinunua, mlango uwe mkononi mwako, umelala sakafuni, umeupima mwenyewe kwa futi pande zote, kabla hujagusa ubavu kwa msumeno. Tundu linafuata mlango. Ukitengeneza, mlango unafuata tundu, na una uhuru wa umbo. Unaweza kuukata kona ya chini ufuate mzunguko wa gurudumu, jambo ambalo mlango wa dukani wa mstatili hauwezi. Kama ubavu wako ni mwembamba, umenyooka, na gurudumu liko mbali, nunua, usijitese. Kama gurudumu liko chini ya mlango kama letu, tengeneza. Uzito si hoja kubwa. Niliupima wangu ukafika kilo 7 na kitu bila kioo, na nilivyofikiria kuutengeneza kwa fremu tupu yenye povu katikati nikakuta ningeokoa kilo mbili hivi na kuongeza viungo kumi vya kuvuja.

Kupima kama mlango unaziba hakuhitaji mvua. Paka chaki juu ya mpira, funga, fungua, tazama kwenye fremu. Penye mstari wa chaki mpira unagusa. Penye pengo, ndipo maji yatakapoingia. Mlango wangu wa kulia ulionyesha mstari mzima isipokuwa urefu wa kidole kwenye kona ya chini, nikaweka ukanda mwembamba chini ya mpira hapo. Wa kushoto, wa kiwandani, ulionyesha mapengo mawili yanayokabiliana kona kwa kona. Tulishangaa. Ilitokea kwamba ubavu ule haujanyooka kikamilifu, umebinuka kidogo sana, na nilipokaza skrubu za pete kwa nguvu zote fremu ile nyembamba ya alumini iliufuata ubavu ikajinyonga. Nimezilegeza skrubu, nikaongeza butili, nimeibembeleza. Imerudi kiasi, si yote.

Kuna vumbi pia, ambalo nililisahau kabisa nilipokuwa nimezama kwenye maji. Trela ikiwa kwenye mwendo hewa ya nyuma yake inanyonya, na kama chumba kimefungwa pande zote vumbi linavutwa kupitia mwanya wowote uliopo. Ukifungua kijidirisha cha mbele, hewa inaingia na kusukuma kutoka ndani, na vumbi linabaki nje. Nilikataa kuamini mpaka nilipojaribu barabara ileile ya vumbi mara mbili, mara ya kwanza kimefungwa, ya pili wazi. Shuka la kwanza lilikuwa la kahawia.

Na usizibe kila kitu kwa furaha ya kushinda mvua. Watu wawili wakilala kwenye chumba cha ukubwa huo wanapumua maji mengi kuliko unavyodhani. Asubuhi alumini inatoa jasho na unaanza kuutuhumu mlango bure. Tunalala na tundu la paa wazi kidogo, na jiko haliwashwi ndani hata kuwe na baridi gani.

Tumeshalala humo mara sita tangu hapo, mara mbili kukiwa na mvua ya usiku kucha. Godoro ni kavu pande zote. Mlango nilioutengeneza unafungwa kwa kidole kimoja. Ule wa kununuliwa unataka kusukumwa kwa nyonga, pale chini ya kitasa, ndipo unaitika. Mjomba siku hizi akifika anaweka mto wake upande wa kulia kabla sijafungua hata kifuniko cha jiko.